Juu ya Kumpinga Mtu Aliyeteuliwa Kuongoza Afya



Imekuwa desturi ya kijitabu hiki kwamba baada ya hesabu za fedha, na baada ya habari za mazishi na karo za watoto, kamati huandika kurasa chache juu ya jambo moja la zamani lifaalo kukumbukwa. Mwaka huu tumechagua habari ya wale waliowekwa kuongoza afya ya nchi hii, na ya wale waliosimama kusema kwamba fulani asiwekwe. Tumechagua hivyo kwa sababu katika mikutano yetu husikika mara nyingi neno hili, ya kuwa Waziri wa Afya huletwa kama mvua, na kazi yetu ni kupokea tu. Neno hili lilikuwa kweli kwa muda mrefu sana. Tangu mwaka 2011 si kweli tena, na hapana budi tueleze.

Zama za ukoloni hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Mganga Mkuu wa Serikali alikuwa Mzungu, alikaa Nairobi, na amri zake zilifika Isiolo, kama zilifika, kwa kinywa cha Bwana D.C. Nchi yetu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi iliyofungwa: kwa sheria za mwaka 1926 na 1934 mtu hakuingia wala hakutoka bila kibali. Kijana apitaye leo juu ya lami kwenda Moyale hawezi kusadiki. Isiolo yenyewe ilijulikana zaidi kwa karantini ya mifugo kuliko kwa hospitali, kwa maana ng'ombe wa kaskazini walizuiliwa hapa wapimwe homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kwenda kusini kuuzwa. Wazee wengine hupenda kusema kwa mzaha ya kuwa Serikali ilijua mapafu ya ng'ombe wa Mborana kabla ya kujua mapafu ya Mborana mwenyewe. Twauandika mzaha huu kwa kuwa unaeleza mambo kwa maneno machache kuliko sisi.

Wala hapakuwa na Mwafrika wa kupendekezwa badala ya Mzungu yule. Waganga wa Kiafrika walifundishwa Mulago na Makerere tangu mwaka 1924, lakini cheti chao hakikukubaliwa kikamilifu na baraza la waganga la Uingereza mpaka mwaka 1957. Na Mwafrika aliyefanya kazi sawasawa na Mzungu katika utumishi wa Serikali alilipwa sehemu tatu tu kati ya tano za mshahara wa mwenzake. Kanuni hiyo ilidumu mpaka Tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 iondolewe. Mtu anayehesabiwa kuwa sehemu tatu ya tano hawezi kuitwa barazani kutoa maoni juu ya mkubwa wake.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Waziri wa kwanza wa Afya alikuwa mganga, Dakta Njoroge Mungai. Hakukaa sana, akahamishiwa Ulinzi, na mahali pake akawekwa Bwana Joseph Otiende, ambaye alikuwa mwalimu. Hatukusikia kwamba mtu aliulizwa kama mwalimu afaa kusimamia hospitali. Na ni katika siku za mwalimu huyu, mwaka 1965, Serikali ilipoondoa ada ya shilingi 5 waliyolipa wagonjwa wasiolazwa. Twaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Hapa Isiolo furaha ya mwaka 1965 haikutufikia sawasawa. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, na mwaka 1966 watu wa Garba Tulla, Merti na Modogashe walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, mifugo yao ikapotea kwa maelfu, na wengi waliotoka humo hawakuwa tena wafugaji ila maskini wa mjini. Dawa ya bure haina maana kwa mtu asiyeruhusiwa kuvuka ua kwenda kuitafuta. Wazee waliokuwamo humo wanaijua habari hii kuliko tunavyoweza kuiandika, kwa hiyo twaiacha hapo.

Miaka ikapita. Ada zikarudi mwaka 1989 kwa jina la kuchangia gharama, zikasimamishwa mwaka uliofuata, zikarudi tena. Mwaka 2004 zikapunguzwa ziwe shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya. Mawaziri walikuja na kuondoka, na wote walichaguliwa na Rais peke yake kutoka miongoni mwa Wabunge, kwa hesabu za siasa na za makabila. Jambo moja la kuchekesha ni kwamba Dakta Mohammed Kuti, mwana wa Isiolo, mganga wa binadamu kwa elimu yake, mwaka 2008 katika Baraza la Mawaziri alipewa mifugo, si wagonjwa. Hatusemi kwamba alifanya vibaya, na pengine wafugaji walinufaika. Twataka kuonyesha tu kwamba elimu ya mtu na kiti alichopewa vilikuwa mambo mawili mbalimbali.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza desturi hiyo. Waziri sasa si Mbunge. Rais humteua, na Bunge la Taifa humkubali au humkataa kabla hajaapishwa. Mwaka uliofuata, 2011, ikatungwa Sheria ya kueleza jinsi Bunge litakavyowasaili walioteuliwa, na ndani yake mna kifungu ambacho twataka kila mwanachama akijue. Chasema kwamba mtu yeyote, kabla ya siku ya usaili, aweza kumpelekea Karani wa Bunge maelezo ya maandishi, yaliyotolewa kwa kiapo, yenye ushahidi wa kuonyesha kwamba aliyeteuliwa hafai. Haikusema Mbunge, wala haikusema wakili. Ilisema mtu yeyote. Mzee wa Kinna mwenye ng'ombe watano ni mtu yeyote.

Sheria hiyo ilipata jaribio lake kubwa la kwanza kwa upande wa mawaziri mwaka 2013. Tarehe 23 Aprili Rais Uhuru Kenyatta, pamoja na Naibu wake William Ruto, walitangaza majina manne ya kwanza ya Baraza jipya. La Afya lilikuwa la Bwana James Macharia, ambaye siku hiyo alikuwa mkuu wa benki ya NIC, mtu wa hesabu kwa kazi yake. Habari hii iliwashtua watu wa hospitali. Waganga wengi hawakuficha ya kuwa wangalipenda mtu wa kazi yao, na hoja yao kwa ufupi ilikuwa hivi: je, mtu asiyewahi kusimama usiku katika wodi atajuaje kwamba wodi haina damu, haina oksijeni, na kwamba muuguzi mmoja anatazama vitanda vya watu watano?

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo twaiona kuwa nyembamba. Tumekwisha kumtaja mwalimu aliyekuwa Waziri ada ilipoondolewa. Na tukitazama nje ya nchi, mtu aliyeianzisha huduma ya afya ya bure kwa Waingereza wote, Aneurin Bevan, aliingia mgodini kuchimba makaa ya mawe akiwa mtoto wa miaka 13. Waganga wa Uingereza walimpinga kwa nguvu zote. Walipopiga kura mwezi wa Februari 1948, zaidi ya 40,000 waliukataa mpango wake na chini ya 5,000 waliukubali. Tarehe 5 Julai mwaka uleule mpango ukaanza, na leo Mwingereza atakayethubutu kuuondoa atapoteza kiti chake. Waganga wale walijua sana kazi yao. Hawakujua nchi yao, au hawakutaka kujua.

Kwa hiyo swali la kwamba Bwana Macharia si mganga lilijibiwa kwa urahisi: Waziri hatibu, hupanga na kulinda fedha, na mtu wa benki huenda akazilinda vizuri. Wabunge waliridhika. Katikati ya mwezi wa Mei 2013 akaapishwa pamoja na wenzake. Upinzani ukaisha, na hapa ndipo tunapoona kosa kubwa la siku zile, nalo ni kosa letu pia, kwa maana chama chetu hakikupeleka hata karatasi moja. Tulikaa tukisoma magazeti na kubishana kama mtu wa benki anafaa, kana kwamba jambo lilikuwa la watu wa Nairobi peke yao.

Swali lililopasa kuulizwa lilikuwa jingine kabisa. Kwa Katiba hiyohiyo, hospitali karibu zote, isipokuwa zile kubwa za rufaa za taifa, zilikuwa zinahamishwa mwaka huohuo kutoka mikononi mwa Waziri na kupewa kaunti 47. Wazee wataikumbuka majimbo ya mwaka 1963, ambayo ilivunjwa kabla haijakomaa. Safari hii mambo yalikuwa ya kudumu. Basi Waziri mpya alikuwa anapokea wizara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa inatoka mlangoni. Yalipasa kuulizwa haya: mishahara ya waganga na wauguzi itavuka vipi kwenda kaunti bila kukatika? Kaunti ambayo haikuwahi kuwa na waganga wa kutosha itawapata wapi, ikiwa kila moja itaajiri yenyewe na mganga ana hiari ya kuchagua Kiambu au Sericho? Na fedha zilizobaki wizarani zitatumiwa kwa kushauriana na kaunti, au kwa niaba yao?

Kwetu maswali hayo hayakuwa ya vitabuni. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Isiolo ilikuwa na watu 143,294 waliotawanyika katika nchi kubwa kavu, na hesabu iliyotokana na mwaka huohuo ilionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai kwetu, akina mama 790 walikufa, hali nchi nzima idadi ilikuwa karibu 500. Mama aanzaye uchungu usiku katika boma la ng'ambo ya Ewaso Nyiro wakati mto umejaa hamhitaji Waziri mwenye digrii hii au ile. Ahitaji gari, na muuguzi anayelipwa mshahara wake kwa wakati.

Yaliyofuata yalitoa majibu ambayo usaili haukuyatafuta. Kwa haki twataja kwanza jema: tarehe 1 Juni 2013 Rais alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za Serikali kutakuwa bure, na ada ya zahanati na vituo vya afya ikaondolewa. Akina mama wengi wa hapa waliokuwa wakizalia nyumbani wakaanza kuja. Lakini mwezi uleule wa Juni Serikali ilitia sahihi mkataba wa kazi na chama cha waganga, mkataba wenye ahadi za mishahara ambazo hazikutekelezwa, na mwezi wa Desemba 2013 watumishi wa afya wakagoma kwa sababu ya namna walivyohamishiwa kaunti. Mkataba ule ulilala kama moto chini ya majivu. Ulipowaka, Bwana Macharia alikuwa amekwisha kuhamishiwa Uchukuzi, na mahali pake alikuwapo Dakta Cleopa Mailu, aliyekuwa ameongoza Hospitali ya Nairobi na ambaye hapana aliyeweza kusema kwamba ni mgeni wa hospitali. Mgomo ulianza tarehe 5 Desemba 2016 ukaisha tarehe 14 Machi 2017, siku 100. Watu wa nchi hii walikufa katika siku hizo bila kuonwa na mganga. Kwa hiyo wale waliosema mwaka 2013 kwamba mtu wa hospitali angeleta amani katika hospitali, walijibiwa na mambo yenyewe.

Jambo la pili ni la mashine. Mwezi wa Februari 2015 Wizara ilitia sahihi mikataba ya kukodi vyombo vya hospitali kwa muda wa miaka 7, kwa takriban shilingi bilioni 38, ili hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za taifa, zipate eksirei, mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, vyombo vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi. Mtu akisikia hivyo hufurahi, na hata sisi tulifurahi. Kisha tukaelewa kwamba kodi ilikuwa inakatwa katika fedha za kaunti kabla hazijafika, kwanza shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye milioni 200, na kwamba kaunti ndogo ilikatwa sawa na kaunti kubwa. Kaunti yenye watu wachache, yenye nafasi ya kutumia mashine kwa wagonjwa wachache, ililipa kama yenye watu milioni. Hapa ndipo ujuzi wa benki ulipohitajika, na hapa ndipo maswali ya usaili yangekuwa na thamani yake.

Twaandika kwa fahari kwamba aliyekuja kulichimbua jambo hili alitoka kwetu. Bi. Fatuma Dullo, aliyechaguliwa mwaka 2017 kuwa Seneta wa Isiolo, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa na wapiga kura kuingia Seneti, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati maalum iliyoundwa kuchunguza kukodiwa kwa vyombo hivyo. Taarifa yake ilitoka mwaka 2020. Ilisema kwamba kaunti hazikushauriwa ipasavyo, na kwamba mahali pengi mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa watu wa kuziendesha, au umeme, au maji, na ilitumia maneno makali juu ya mpango mzima. Lakini ilikuwa imepita miaka mitano tangu sahihi zitiwe, na miaka saba tangu usaili. Mzigo ukishapakiwa juu ya ngamia na ngamia akishasimama, si rahisi kuupunguza.

Katikati ya hayo Isiolo ilipata heshima ambayo hatukuitazamia. Tarehe 13 Desemba 2018, huko Kisumu, Rais alianzisha jaribio la afya kwa wote katika kaunti nne tu za nchi nzima: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Kisumu ilichaguliwa kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza, Nyeri kwa yale yasiyoambukiza, Machakos kwa ajali za barabarani, na sisi kwa ajili ya vifo vya akina mama na kwa kuwa watu wetu huhamahama. Gavana wetu wakati huo alikuwa Dakta Kuti, ambaye hatimaye alikuwa amerudishwa karibu na wagonjwa. Watu waliandikishwa, wakapewa kadi, wakatibiwa bila kulipa, na wagonjwa wakawa wengi kuliko dawa. Waziri wa wakati huo, Bi. Sicily Kariuki, naye hakuwa mganga. Hatukumbuki mtu wa hapa aliyeuliza habari hiyo.

Mwaka 2022 swali lilelile la mwaka 2013 liliamshwa kama vile halikulala, Rais Ruto alipomteua Bi. Susan Nakhumicha, ambaye kazi yake ilikuwa ya ununuzi na ugavi wa dawa. Alikubaliwa. Mwaka 2024 waganga waligoma siku 56, na tarehe 11 Julai mwaka huo, baada ya maandamano ya vijana, Rais aliwaachisha kazi mawaziri karibu wote. Akateuliwa Dakta Deborah Barasa, mganga, akasailiwa mwezi wa Agosti akapita. Katika usaili uleule Bunge lilimkataa mmoja wa walioteuliwa kwa wizara nyingine, Bi. Stella Lang'at, jambo ambalo lawaonyesha wale wasemao kwamba usaili ni mchezo tu ya kwamba mara moja moja mlango hufungwa kweli.

Kisha mwezi wa Machi 2025 Dakta Barasa na Bwana Aden Duale walibadilishana viti, yeye akaenda Mazingira, na Bwana Duale akaja Afya. Wengi wetu tulifurahi kumwona mtu wa kaskazini katika wizara hiyo, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kamati yapenda kutaja jambo moja ambalo halimhusu yeye peke yake. Bwana Duale alisailiwa mwaka 2024 kwa ajili ya Mazingira. Alipohamishwa hakusailiwa tena, wala hapakuwa na siku ambayo mtu yeyote, yule mtu yeyote wa Sheria ya 2011, angeweza kupeleka kiapo chake na kuuliza habari za zahanati na za bima mpya ya afya iliyochukua mahali pa ile ya zamani tangu Oktoba 2024. Bwana Macharia naye alihamishwa hivyohivyo mwaka 2015. Twaona kwamba hapa pana tundu katika ua, na aliyepita ndani yake safari hii kuwa ndugu yetu hakuliondoi tundu.

Imebaki habari ya karibu zaidi. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yataka kwamba mtu anayeteuliwa na Gavana kusimamia afya ya kaunti naye akubaliwe na Bunge la Kaunti, na mwaka 2017 ikatungwa sheria nyingine ya kueleza usaili huo, iliyofuata ile ya mwaka 2011 katika mambo mengi. Mtu huyu ndiye mwenye zahanati zetu mkononi kuliko Waziri yeyote wa Nairobi. Usaili wake hufanyika hapahapa Isiolo, mwendo mfupi kutoka sokoni. Kamati imemwagiza katibu atafute nakala za sheria zote mbili na kuziweka katika sanduku la chama, pamoja na mfano wa hati ya kiapo kwa Kiswahili na kwa Kiborana, na wazee watatu wamekubali kuhudhuria usaili utakaofuata, wakiwa na orodha ya zahanati zisizo na muuguzi, iliyoandikwa kwa majina ya mahali.